Nani atabaki na mtoto? Msaada uliopungua na wazazi wanaolea peke yao Nakivale

Katika miaka ya karibuni neno "kundi" limepata maana mpya Nakivale. Ukisema uko kundi la kwanza, jirani anaelewa kwamba bado unapata kitu. Ukisema kundi la tatu, anaelewa kwamba jina lako limetoka kwenye orodha ya msaada na kwamba unatakiwa kujitafutia.

Makala hii inahusu watu wanaobanwa na mgawanyo huo kwa namna ya pekee: kina mama, na baadhi ya kina baba, wanaolea watoto bila mwenzi. Wanaambiwa wafanye kazi, na wengi wako tayari kufanya kazi. Mara nyingi kinachowakwamisha ni mtoto wa miaka miwili ambaye hakuna wa kumwachia, na jambo hilo halionekani kwenye fomu.

Msaada ukipungua, malezi ya mchana yanakuwa suala la chakula. Mpango wowote wa kujitegemea usiosema mtoto atabaki na nani unamwacha nje mzazi huyu, hata kama jina lake limo kwenye mpango.

Tulivyofika hapa

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, waliotawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, wilayani Isingiro. Uganda nzima ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, na wengi wao ni wanawake na watoto.

Msaada wa WFP, ambao wengi bado tunauita PAM, haukukatwa siku moja. Hadi mwanzoni mwa 2020, mtu aliyepokea fedha badala ya chakula alipata shilingi 31,000 kwa mwezi. Aprili 2020 mgao ulishuka hadi asilimia 70, yaani shilingi 22,000. Februari 2021 ulishuka tena hadi asilimia 60, shilingi 19,000. Julai 2023 yakaja makundi matatu: la kwanza likapewa asilimia 60 ya mgao kamili, la pili likapewa asilimia 30, la tatu likaondolewa kabisa.

Kisha ikaja 2025. Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa WFP, ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Nchi nyingine tajiri nazo zilipunguza. Mei 2025 takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Waliobaki nao walipunguziwa, wengine hadi chini ya robo ya chakula ambacho mwili unahitaji kwa siku.

Ni vizuri hili lieleweke kwa sababu kuna maneno mengi mitaani. Upunguzaji huu haukutokana na wakimbizi kuonekana wamepata nafuu. Fedha zilikwisha. Makundi yaliwekwa ili kidogo kilichobaki kiwafikie walio na hali mbaya zaidi, na hapo ndipo linapoingia swali la nani anahesabiwa kuwa "anaweza kujitegemea".

Kujitegemea si wazo jipya Uganda. Mkakati wa kwanza wa serikali na UNHCR kuhusu jambo hili ni wa 1999. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi, kulima na kufanya biashara. Nchi nyingi hazitoi haki hiyo, na tunapaswa kuithamini. Lakini haki ya kufanya kazi haisaidii kitu kama huna saa za kuifanya.

Kuweza kufanya kazi na kuwa na muda wa kazi

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa ajili ya hesabu tu. Mama mmoja, umri miaka 29, afya nzuri, anajua kulima na kusuka nywele. Ana watoto watatu: wa miaka tisa, wa miaka minne na wa mwaka mmoja na nusu. Kwenye karatasi kaya hii ina mtu mzima mmoja mwenye nguvu na asiye na ulemavu.

Lejaleja ya shamba huanza alfajiri. Anayetafuta vibarua hachukui mtu aliyefika saa mbili baada ya kuandaa watoto. Anachukua waliokuwepo saa kumi na mbili. Mama huyu ana njia tatu. Ya kwanza ni kumbeba mdogo mgongoni na kwenda naye. Kazi nyingi za shamba hulipwa kwa kipande, kwa hiyo anayelima akiwa na mtoto mgongoni, akisimama kumnyonyesha na kumtuliza, humaliza kipande kidogo na kulipwa kidogo. Wa miaka minne hawezi kutembea umbali huo, hivyo anabaki nyumbani. Njia ya pili ni kuwafungia wadogo ndani. Kila mzazi anajua hatari yake: moto, maji, mtu mbaya. Ya tatu ni kumwachia wa miaka tisa wadogo zake. Siku hiyo haendi shule.

Kuna njia ya nne, na ndiyo wengi wanaishia nayo: kutafuta kazi inayokubali mtoto. Kuuza nyanya na dagaa mbele ya nyumba. Kufua nguo za watu. Kusuka nywele kibarazani. Kazi hizi ni za heshima, lakini kila mwenye mtoto mdogo anazikimbilia hizohizo, na wateja ni majirani ambao mgao wao umepungua kama wake. Wauzaji wanaongezeka wakati wanunuzi wanapungukiwa, na faida inaliwa.

Mwenye mwenzi, hata mwenzi asiye na kazi ya kudumu, ana kitu ambacho mama huyu hana: mmoja akitoka, mwingine anabaki. Wazazi wawili wanaweza kugawana siku, lakini mzazi mmoja hana wa kugawana naye. Ndiyo maana si sawa kuhesabu mtu mzima mwenye nguvu katika kaya hizi mbili kwa kipimo kimoja.

UNHCR yenyewe inalijua hili. Katika uandikishaji wake, "mzazi au mlezi wa peke yake" ni moja ya alama za mahitaji maalumu zinazowekwa kwenye faili ya kaya. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni kama alama hiyo imo kwenye faili lako. Kaya hubadilika. Mume aliyekuwepo wakati wa kuandikishwa anaweza kuwa amerudi Kongo, amefariki, au ameoa kwingine, na jina lake bado limo. Kijana aliyefika miaka 18 anaweza kuhesabiwa kuwa mtu mzima wa pili hata kama ameshaenda kuishi Kampala. Faili la zamani linaweza kuonyesha kaya yenye nguvu ambayo haipo tena.

Mbarara ni kilomita 60 tu, lakini

Wanaosema "nendeni Mbarara" hawakosei kwamba kazi zipo huko zaidi. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020. Ni kitovu cha biashara ya maziwa na ndizi kusini-magharibi, ina chuo kikuu, hospitali ya rufaa, hoteli, saluni, maduka na masoko. Lugha inayotawala ni Runyankore, na mkimbizi aliyejifunza Runyankore hapa Isingiro anaweza kupata pa kuanzia.

Kwa mzazi anayelea peke yake, kila kazi ya mjini inakuja na swali lake. Hakuna kwenda na kurudi kila siku kwa kilomita kama 60 za barabara. Nauli ingekula mshahara na saa za njiani zingekula siku. Kwa hiyo lazima kuhamia. Kuhamia na watoto ni kulipa kodi ya chumba, na kule hakuna shangazi wala jirani wa kuomba amtazame mtoto. Kuhamia bila watoto ni kuwaacha kwa mtu Nakivale.

Kazi rahisi zaidi kupata mjini kwa mwanamke mgeni ni ya nyumbani: kupika, kufua, kulea watoto wa tajiri. Mara nyingi kazi hiyo humtaka mtu alale hapohapo, na mwenye nyumba hataki mfanyakazi mwenye mtoto. Hivyo mama anaweza kulipwa kwa kulea watoto wa nyumba nyingine huku wake wakikaa bila mlezi. Bila kumlaumu mwenye nyumba wala mama, mpangilio huo unatuonyesha kwamba malezi ni kazi yenye bei. Mjini inalipwa, na kijijini tunaifanya kama vile haina gharama.

Kuna pia suala la msaada wenyewe. Msaada wa chakula umefungwa na makazi. Aliyehamia mjini anatarajiwa kujitegemea kabisa. Sheria inaruhusu mkimbizi kuomba kibali cha kuishi nje ya maeneo yaliyotengwa, lakini anayeomba anapaswa kujua anachoacha nyuma. Tangu uhakiki mkubwa wa 2018, utambulisho ni wa alama za vidole: usipokuwepo siku ya ugawaji au ya uhakiki, unaweza kukosa. Mzazi mwenye mwenzi anaweza kwenda kujaribu Mbarara miezi mitatu huku mwingine akibaki na kadi na watoto. Anayelea peke yake akijaribu, anaweka rehani vyote kwa pamoja. Ndiyo maana wengi hawajaribu, na kutojaribu huko mara nyingi huitwa utegemezi.

Kama unafikiria kwenda, uliza kwanza kwenye dawati la msaada au ofisi ya OPM mambo mawili: nani mwingine anaweza kuandikishwa kupokea kwa niaba ya kaya yako, na nini kitatokea kwa faili lako ukikosa uhakiki. Ziulize kabla ya kuondoka.

Miaka sita isiyo na mwenyewe

Mtu anaweza kusema: shule zipo, watoto waende shule. Elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza 1997 na inawahusu wakimbizi pia. Lakini UPE huanza mtoto akiwa na miaka sita. Je, kabla ya hapo?

Sheria ya Elimu ya Uganda ya 2008 iko wazi. Elimu ya awali, ya watoto wa miaka miwili hadi sita, imeachiwa watu na mashirika binafsi, na gharama zake ni jukumu la wazazi au walezi. Yaani nasari si huduma ya serikali. Palipo na nasari makazini, ni kwa sababu shirika, kanisa, msikiti au wazazi wenyewe wameianzisha, na mfadhili akiondoka mwalimu naye huondoka. Na kwa kawaida nasari hufunga mchana, wakati siku ya kazi haijafika nusu.

Upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi zenye malipo kamili. Hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Anayeuza mboga au kulima lejaleja hana likizo hata ya siku moja. Ukiweka sheria hizi mbili pamoja unaona pengo: kuanzia mtoto ana miezi michache hadi afike miaka sita, malezi ya mchana hayako mikononi mwa mwajiri wala serikali. Yote yanamwangukia mzazi. Mama mwenye watoto watatu waliopishana miaka miwili hukaa ndani ya pengo hilo kwa takriban miaka kumi.

Anayeziba pengo mara nyingi ni binti mkubwa. Hakuna anayemtoa shule kwa siku moja. Huanza kwa kukosa Jumatatu kwa sababu mama kapata kibarua, kisha siku ya soko, kisha wiki ya mavuno. Anarudi darasani hajui wenzake wamefika wapi. Mwisho wa mwaka anarudia darasa, na mwaka unaofuata anaona aibu kukaa na wadogo. Familia imeokoa gharama ya malezi leo, na binti ataendelea kuilipa akiwa mtu mzima. Tukizungumzia mimba za utotoni na ndoa za mapema bila kuzungumzia nani anabaki na wadogo saa za shule, tunazungumzia nusu ya jambo.

Jirani mwenyeji yuko kwenye pengo hilohilo

Wasomaji wetu wa Isingiro na Mbarara wanaweza kusema: na sisi? Wana haki ya kuuliza. Mama wa Kinyankole aliyeachwa na mume, mwenye watoto wadogo na shamba dogo, hana msaada wa chakula na hakuwahi kuwa nao. Uganda haina posho ya mtoto. Fedha ya kila mwezi inayotolewa na serikali ni ya wazee wa miaka 80 na kuendelea, shilingi 25,000. Bibi anayelea wajukuu anaweza kuipata. Mama mwenyewe hawezi.

Mwenyeji ana kitu ambacho mkimbizi hana: Mpango wa Maendeleo wa Parokia, PDM, ulioanza 2022, ambao kaya ya raia inaweza kukopa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mkimbizi naye ana kitu ambacho mwenyeji hana, hata kama kimebaki kidogo. Kila upande huona orodha ya mwenzake na kuona wivu. Lakini orodha zote mbili zina kasoro moja. PDM humpa mama mtaji wa kuku au nguruwe bila kuuliza nani atakaa na mtoto akienda kununua chakula cha mifugo. Msaada wa mkimbizi humtoa mama kwenye kundi bila kuuliza swali hilohilo.

Kuna mradi mmoja ulioligusa suala hili: GROW, wa serikali ya Uganda na Benki ya Dunia, wenye dola milioni 217, unaolenga biashara za wanawake, wakiwemo wakimbizi na wenyeji katika wilaya zinazopokea wakimbizi. Miongoni mwa mambo yaliyowekwa kwenye mpango wake ni vituo vya kulelea watoto karibu na sehemu za biashara. Viongozi wa Isingiro na Mbarara wanapaswa kuulizwa, kwa upole lakini bila kuchoka, vituo hivyo vitajengwa wapi na vitamfaa nani.

Ushahidi unasemaje

Hatuhitaji kubahatisha kuhusu nini hutokea mzazi akipata pa kumwacha mtoto. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya kina mama hati za kulipia malezi ya mchana, kisha wakawalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa walizidi wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia katika uwezekano wa kuwa na kazi. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi ni hii: ongezeko hilo lilikuwa hasa la kina mama wenye waume. Kina mama wanaolea peke yao walikuwa tayari wanafanya kazi, kwa sababu hawakuwa na hiari. Kwao malezi yalileta kitu kingine: walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka, kwa sababu waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida.

Huku kwetu Uganda, utafiti mwingine uliwapa baadhi ya familia malezi ya kulipiwa kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wengine fedha taslimu za thamani hiyo, na wengine vyote viwili. Kwa kina mama wasio na wenzi, malezi yaliongeza kazi na kipato chao.

Tafiti hizi mbili zinajibu maneno ya mtaani kwamba "hawa wamezoea kupewa". Mzazi anayelea peke yake kwa kawaida anafanya kazi tayari, tena nyingi. Anachokosa ni kazi inayolipa, na njia ya kuifikia hupita mahali ambapo mtoto wake yuko salama.

Yanayowezekana sasa

Fedha za 2019 hazirudi mwaka huu. Tuzungumze basi yale yasiyohitaji kusubiri, na yale ya kudai kwa wenye mamlaka.

*Likelemba ya siku.* Wakongo tuna likelemba, Wanyarwanda wana ikimina, Wasomali wana ayuuto. Kanuni ni moja: kila mtu anachangia, na kila mtu ana zamu yake ya kupokea. Kanuni hiyo inaweza kutumika kwa siku badala ya fedha. Kina mama watano wenye watoto wadogo wakikubaliana kwamba kila siku wawili wanabaki na watoto wote, kila mmoja anatoa siku mbili kwa wiki na kupata siku tatu huru. Aliyekuwa hana hata siku moja sasa ana tatu. Wawepo wawili, si mmoja: mtu mmoja hawezi kuwatazama watoto kumi, na akiugua au akiitwa msibani mpango unavunjika.

Yawekwe masharti mapema. Orodha ya watoto na nani anaruhusiwa kumchukua yupi. Mahali penye uzio, choo na maji safi, mbali na jiko. Nani anapigiwa simu mtoto akiugua. RWC 1, au LC 1 kwa wenyeji, ajulishwe kwamba kikundi kipo. Na kina baba wanaolea peke yao wasisahauliwe: wanaweza kuchangia kwa kuni, maji, ukarabati au fedha, kwa namna ambayo kikundi kitaridhika nayo.

*Lakini kina mama wasibebeshwe peke yao.* Zamu hii ina gharama. Anayebaki na watoto siku mbili anakosa kipato siku mbili. Kwa hiyo mashirika na viongozi wa dini waombwe vitu vinavyoweza kupatikana: chumba cha kanisa au cha msikiti siku ambazo hakitumiki, darasa la nasari baada ya mchana, unga wa uji, mikeka. Hivi si vitu vikubwa kwa bajeti ya shirika, na vinaamua kama kikundi kitadumu mwezi au mwaka.

*Miradi ya kazi kwa malipo itambue malezi kuwa kazi.* Isingiro imeona miradi ya kuchimba mitaro, kupanda miti na kukarabati barabara kwa malipo ya siku, kama ilivyokuwa chini ya DRDIP. Sheria ya India ya ajira za umma vijijini ya 2005 iliweka kanuni nyepesi: kwenye eneo la kazi wakiwepo watoto watano au zaidi wa chini ya miaka sita, mmoja wa wafanyakazi alipangiwa kuwatazama na alilipwa ujira uleule. Hakuna jengo linalohitajika. Linahitajika turubai, maji, na jina moja zaidi kwenye orodha ya malipo. Mradi wowote utakaokuja Nakivale ukiulizwa hili kabla ya kuanza, jibu ni rahisi kupatikana. Ukiulizwa baada ya bajeti kufungwa, jibu litakuwa hapana.

*Mafunzo ya ufundi yapangwe kwa saa za wazazi.* Kozi ya kushona inayoanza saa mbili hadi saa kumi jioni, bila pa kumweka mtoto, imeshawachagua wanafunzi wake kabla ya usaili. Waandaaji wakishangaa kwa nini kina mama wanaacha katikati, waanze kuangalia hapo.

*Baba aliye hai ana wajibu.* Sheria ya watoto ya Uganda inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mama, au baba anayelea, anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya au kitengo cha polisi cha ulinzi wa familia na watoto, na mahakama inaweza kuamuru mzazi mwingine achangie. Haitasaidia kama baba yuko ng'ambo ya mpaka au hajulikani alipo. Lakini baba aliyehamia tu kutoka Juru kwenda Base Camp, au kutoka Isingiro kwenda Mbarara, anaweza kupatikana. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya bure ya watoto nchini kote ni 116.

*Faili lisahihishwe.* Kama kaya yako imebadilika, peleka taarifa na kithibitisho ulicho nacho: cheti cha kifo, barua ya RWC, karatasi ya polisi. Malalamiko yanapokelewa pia kupitia namba ya bure ya FRRM, 0800 323232. Kusahihisha faili si ahadi ya kurudishwa kwenye msaada. Nafasi ni chache. Lakini ambaye faili lake linaonyesha mume asiyekuwepo hana hata pa kuanzia.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Mikutano ya RWC na OPM huenda na malalamiko mengi kwa saa chache, na malalamiko ya jumla hupata majibu ya jumla. Wazazi wanaolea peke yao, wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, wangeweza kwenda na maswali matatu tu na kuomba majibu yaandikwe.

La kwanza: katika kaya zilizoondolewa kwenye msaada, ngapi zina mtu mzima mmoja tu na mtoto wa chini ya miaka sita? Taarifa hizo zimo kwenye mfumo tayari; zinahitaji mtu wa kuzihesabu.

La pili: katika kila mradi wa kazi, mtaji au mafunzo unaokuja Isingiro, ni mstari upi wa bajeti unaohusu malezi ya watoto wa washiriki?

La tatu: ni chumba gani, katika kijiji hiki, kinachokaa tupu asubuhi, na nani ana ufunguo?

Swali la tatu linaweza kujibiwa wiki hii.